Gari Linauzwa Mapinga

Kaole, Bagamoyo
12 Agosti 2024

Kwa shoga yangu Zuleha,

Assalaam alaykum. Pole zako zimenifika kwa midomo ya watu. Yunus alianguka asubuhi moja mwanzoni mwa Julai akivaa viatu, na adhuhuri hatukuwa naye. Presha. Sasa nimo edani, na eda ya mjane unaijua: miezi minne na siku kumi. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu anayo shangazi Swaumu, dada wa marehemu mkwe wangu, aliyekuja kunikalisha. Anasema mjane hafai kusikia sauti za wanaume wasio maharimu zake. Sheikh Mikdad wa msikiti wa Mapinga alimwambia kwamba kwa dharura mjane huruhusiwa kutoka mchana. Shangazi akamjibu, "Sheikh, wewe una kitabu, mimi nina mlango." Barua hii anakuletea Pazi, yule anayetuletea barafu kutoka Dar kwa kirikuu chake, kile kigari cha mizigo.

Unalijua gari langu, ile SUV ndogo ya rangi ya majivu. Ndilo ninalobebea kamba wabichi kutoka pwani hapa hadi kwa wateja wangu wa Mapinga. Nimelinunua kwa kamba hao hao, tenga kwa tenga. Kadi yake ina jina la Yunus. Nilitaka mwenyewe. Sikupenda watu wa Kaole waseme mwanamume anapakiwa na mkewe, nikampa jina kama mtu anavyompa mgeni kiti.

Siku ya hitma, watu hawajamaliza pilau, shemeji yangu Bwanausi, kaka wa Yunus, aliutoa ufunguo kwenye msumari. Akasema analitunza. Sasa Pazi ananiambia limeegeshwa kando ya barabara kuu pale Mapinga, mbele ya nyumba ya Bwanausi, na kioo cha nyuma kimebandikwa karatasi: INAUZWA.

Mirathi siipingi. Mimi thumni, binti yetu Nasrin nusu, kinachobaki ni cha Bwanausi. Mungu kagawa. Lakini mirathi ni ya mali ya maiti, na mwenye gari hili yu hai, amefungiwa ndani tu. Likiuzwa, biashara imekwisha. Tayari yupo mtu anawapelekea wateja wangu kamba kwa pikipiki.

Wewe una ukurasa wa magari gazetini na watu wanakuamini. Andika kwamba ni bovu. Andika injini inakula oili, andika limeoza chini, andika unalotaka. Asipate mnunuzi hata mmoja. Limkalie uani mpaka kuku watagie ndani. Eda ikiisha nitalifuata mwenyewe, na nitataka anitazame usoni.

Wako,
Mwanvita

---

Tabata, Dar es Salaam
19 Agosti 2024

Mwanvita,

Wa alaykum salaam. Pole kwa Yunus. Alikuwa mtu wa kunyamaza na nilimpenda kwa hilo.

Uongo siandiki. Wasomaji wangu ni watu wanaojinyima miaka mitatu, minne, ili wanunue gari moja. Nikiandika leo kwamba zima ni bovu, kesho nikiandika bovu ni bovu hawataniamini, na mtu atanunua jeneza lenye matairi.

Ila nina mfululizo unaoendelea: SUV ndogo zilizotumika, za bei ya kawaida, kwa matumizi ya kila siku. Nimeshapima tatu. La nne linaweza kuwa gari lolote linalouzwa barabarani. Nitampigia Bwanausi, nitamwambia jina langu, gazeti langu na ninachokuja kufanya. Nitaendesha, nitauliza, nitaandika alichojibu na nilichoona. Kama ni zima nitaandika ni zima, na huenda likauzwa haraka zaidi. Ujue hilo kabla sijaenda.

Halafu naona unataka mambo mawili. Gari lirudi, na Bwanausi aumie. Niambie lipi la kwanza. Kwa ninavyojua mimi, mara nyingi hayaji pamoja.

Zuleha

---

Kaole
27 Agosti 2024

Zuleha,

Aumie. Gari litafuata.

Hukuwepo, kwa hiyo nikueleze. Nilikuwa nyuma ya pazia siku aliyolichukua. Alikaa kwenye usukani akabonyeza bonyeza, waipa zikaanza kufuta kioo kikavu. Nasrin akamwendea akamwambia, "Ba'mkubwa, mguu kwenye breki kwanza." Mtoto wa darasa la tatu. Basi likawaka. Nasrin akamwuliza, "Na mama akitaka kutoka?" Akacheka, akapandisha sauti ili nisikie: "Mjane ana safari gani? Safari yake ni jikoni na chooni." Wanaume waliokuwa wakikunja turubai wakacheka naye.

Kila nikienda jikoni nayasikia. Kila nikienda chooni nayasikia. Ndiyo eda yangu hiyo.

Nenda. Ila jihadhari, huyo ni hodari wa mzaha. Akishajua baba yako alikuwa Mnyamwezi ndiyo utakoma, maana wao Wakwere na nyinyi ni watani, hatakuacha upumue. Mwache aseme. Mtu anayecheka sana huacha mdomo wazi.

Unaniuliza huko pembeni mwa barua kama gari lina ubovu. Sikwambii. Wewe ndiye mkaguzi, kagua.

Mwanvita

---

Tabata
10 Septemba 2024

Mwanvita,

Nimekwenda, nimerudi. Nakusimulia kwa mpangilio.

Nilimkuta kibarazani na kanzu iliyopigwa pasi. Nilimpa kitambulisho. Akakisoma kwa mbali, mkono umenyooka.

"Zuleha Mihayo. Mihayo! Mnyamwezi! Ndiyo maana umekuja kwa miguu toka barabarani. Mzigo umeutua wapi?"

"Nimekuja kuchukua mwingine. Nimesikia huku Wakwere wamechoka hata kukaa."

Akapiga kofi gotini. "Mke wangu! Njoo umwone Mnyamwezi anasoma na kuandika! Mpe maji, lakini kikombe ukihesabu."

Nikamwambia: Mzee, nikifungua daftari tunafanya kazi, nikilifunga ni watani. Akakubali. Nikafungua.

"Gari ni la nani?"

"La kwangu."

"Umelitumia muda gani?"

"Miaka minne, kila siku. Mapinga Dar, Dar Mapinga. Halijagusa maji ya chumvi hata siku moja."

Hayo nimeyaandika alivyoyasema, na nilimsomea, akatikisa kichwa kukubali.

Alitaka tujaribie safari ya Miono kwa sababu alikuwa na haja zake huko. Binti yake Shadya ameposwa na watu wa Miono. Niliendesha mimi, yeye pembeni. Tulipofika kwa wakwe zake watarajiwa alishuka kabla sijazima injini, akalizunguka gari, akapiga teke tairi la mbele, akawaambia, "Gari langu hili. Bibi harusi wenu atakuja nalo hili hili." Wakanipa muhogo na chai. Walidhani mimi ni dereva wake, naye hakuwasahihisha.

Wakati wa kurudi daftari limo mkobani. Tulishataniana toka Miono hadi Msata. Kanioza kwa jirani yake mwenye jicho moja, nami nimemzika mara mbili bila sanda. Ndipo akasema, bila mimi kuuliza:

"Nikwambie kitu, Mnyamwezi? Gari hili la mjane. Kalinunua mwenyewe na kamba zake. Marehemu mdogo wangu alikuwa abiria tu, kama gunia. Mimi nimelibeba kwa sababu yumo edani. Atanikimbiza kwa miguu gani?"

Akacheka mpaka akakohoa.

"Hilo niandike?" nikamwuliza.

"Wee! Huo utani. Mtani hamshitaki mtani."

Nakuambia wewe kwa sababu ni mali yako. Gazetini sitaliweka. Baba yangu alipofariki, waliochimba kaburi lake ni watani zake wa Kikwere, na matusi waliyomwambia maiti yangewafunga watu jela siku nyingine yoyote. Kinachosemwa kwenye utani hukaa kwenye utani. Nitaandika alichosema daftari likiwa wazi.

Na gari ni zuri. Nitaandika hivyo.

Zuleha

---

Kaole
14 Septemba 2024

Zuleha,

Kakiri. Kakiri kwa mdomo wake, mbele ya mwandishi wa habari, nawe unanisimulia makaburi.

Mimi si mtani wa mtu. Mimi ndiye niliyeibiwa. Utani wenu mnautumia kuficha mwizi halafu mnauita mila. Na juu yake unataka kulisifia gari, ili mnunuzi aje mbio na fedha mkononi! Pazi anasema kuna mtu wa Goba ameshakuja kulitazama mara ya pili.

Nilikuomba kisu, umeniletea kijiko. Usiniandikie tena kama huna jipya.

Mwanvita

---

Tabata
20 Septemba 2024

Mwanvita,

Umeniambia nisiandike kama sina jipya. Hili limetoka leo Ijumaa. Magazeti hayafiki Kaole, nimekukatia ukurasa, Pazi atakuletea pamoja na barafu. Kama umelowa, nakunukulia hapa chini maneno yale yale.

"LA NNE: LINAPANDA, LINABEBA, LINANUKA KIDOGO

"SUV ndogo ya wiki hii ina injini ya cc elfu moja na mia tano, gia za kujibadilisha zenyewe, na imesimama juu kiasi cha kuvuka madimbwi ya mitaa mipya ya Mapinga bila kuburuza tumbo. Kwenye lami kati ya Bagamoyo na Msata ilikwenda kilomita kumi na nne kwa lita moja. Kwenye udongo wa kuingia Miono, ambako mvua imechimba mifereji, ilishuka hadi kumi. Shokamzoba ni mpya. Breki zinashika sawasawa pande zote. Kiyoyozi kinapooza nyuma na mbele. Injini haivuji.

"Muuzaji, Bwana Bwanausi wa Mapinga, anasema gari ni lake na ameliendesha kila siku kwa miaka minne. Bwana Bwanausi ana urefu wa futi sita. Kiti cha dereva nilikikuta kimesogezwa mbele kabisa na kuinuliwa juu; alipokikalia, magoti yake yakagusa usukani. Nilipomwonyesha pa kushika ili kirudi nyuma, alishukuru.

"Nilimwomba afungue boneti. Alifungua tangi la mafuta. Nilimwomba afungue tangi la mafuta. Alifungua buti. Kwa hiyo tukalikagua buti. Chini ya zulia pana kutu changa, ya aina inayoletwa na maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye masanduku ya barafu. Inasafishika, na mnunuzi aisafishe mapema. Kwenye kona nilikuta pia ndevu za kamba na magamba yake. Muuzaji anasema gari halijagusa maji ya chumvi hata siku moja, na kwamba yeye binafsi hali kamba, humwasha mwili. Ubani uliofukizwa ndani haujasaidia. Jua likipanda, kamba wanarudi.

"Kwenye fremu ya mlango zimebandikwa karatasi za gereji, moja juu ya nyingine. Oili imebadilishwa kila ilipotakiwa, tairi zimezungushwa, mkanda umefungwa mpya. Aliyelitunza gari hili anajua kazi.

"Kwa mtu anayefanya biashara ya kila siku kati ya pwani na barabara kuu, hili ni bora kuliko matatu yaliyotangulia. Ningemshauri mnunuzi jambo moja tu: kabla ya kutoa fedha, azungumze na aliyekuwa akiliendesha."

Mwisho wa kunukuu. Mtu wa Goba naye husoma gazeti.

Zuleha

---

Mapinga
24 Septemba 2024

Wewe Mnyamwezi,

Salamu sikupi.

Nimekupa maji kwangu. Nimekupeleka kwa wakwe zangu ukala muhogo wao. Nawe umeniuza! Ijumaa naingia msikitini kuswali, wale vijana wa kahawa wanaangua vicheko. Mmoja ananiambia, "Mzee Bwanausi, umeandikwa. Mnyamwezi kakuvua nguo." Mwingine anauliza, "Mzee, kamba wanakuwasha wapi?" Gazeti lenyewe sikulisoma. Miwani sikuwa nayo, na haja ya kusoma sikuwa nayo, maana nilichokwambia nakijua mwenyewe.

Basi baada ya swala nikaona nisinyamaze. Nikamwomba Sheikh Mikdad dakika moja, nikasimama. Nikawaambia: ndugu zangu, yaliyoandikwa msiyatie maanani. Niliposema gari kalinunua mjane kwa kamba zake, na kwamba nimelichukua kwa kuwa yumo edani hana miguu ya kunikimbiza, huo ulikuwa utani na mtani wangu njiani Msata. Mtani aliyeyapeleka gazetini ndiye mwenye aibu.

Nilitegemea watacheka. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akatoka kuvaa viatu kabla ya dua.

Umevunja mila. Kwa mila yetu unatozwa kuku, na huyo kuku umlete mwenyewe kwa miguu, huku watu wanakuona. Yule mtu wa Goba hapokei simu. Mke wangu hazungumzi nami. Nijibu: kwa nini umeandika maneno ya utani?

Bwanausi

---

Tabata
27 Septemba 2024

Mtani,

Sikuyaandika.

Nakutumia ukurasa. Vaa miwani. Maneno ya mjane hayamo, ya eda hayamo, ya miguu hayamo. Yamo uliyoniambia daftari likiwa wazi, na yamo niliyoyaona kwenye buti.

Nje ya gazeti nilimwambia mtu mmoja tu, mwenye gari. Kwa hilo kuku wako nadaiwa, nitamleta. Waliobaki, uliwaambia wewe.

Zuleha Mihayo

---

Kaole
8 Oktoba 2024

Shoga yangu Zuleha,

Assalaam alaykum. Gari liko uani. Nalitazama dirishani wakati huu naandika.

Pazi alikuwa msikitini siku ile, na amenisimulia mpaka shangazi Swaumu akasahau kumfukuza mlangoni. Bwanausi alipomaliza kujitetea, watu walitazamana. Waliosoma walijua hayo hayamo gazetini, wasiosoma ndiyo kwanza wanayasikia. Sheikh Mikdad akamwambia taratibu, "Bwanausi, utani tumeuacha nje pamoja na viatu. Humu ndani niambie, gari ni la nani?"

"Sheikh, kadi ina jina la marehemu."

"Sikukuuliza kadi."

"La… la nyumba ile."

"Nyumba haiendeshi gari. Nani?"

Pazi anasema aliitikia kwa sauti ya chini sana, na mwadhini, ambaye masikio yake ni mabovu, akamwomba arudie. Akarudia. "La Mwanvita."

Sheikh akampa mpaka Jumapili ya wiki iliyofuata. Jumapili likaja. Aliendesha Pazi, Bwanausi kakaa pembeni amejifunga mkanda kama mtoto wa shule. Alitoa ufunguo kwa Nasrin bila kuvuka kizingiti. Shangazi ameufungia kabatini mpaka nitoke eda, ila kabati lenyewe limo chumbani mwangu, naye anajua ninajua kulifungua. Amenirudishia na simu, lakini nimeshazoea kalamu.

Ukurasa wako nimeusoma mpaka umelegea kwenye mikunjo. Nilikukasirikia na sikufutii maneno yote. Mimi ningemchoma, kelele zingekwisha, na watu wangemwonea huruma. Wewe ulimwekea kisu mezani ukaondoka. Sasa naona.

Pazi kanifikishia swali lako, kama nimetosheka. Shangazi pia kaniuliza, akidhani nitasema alhamdulillah nimesamehe. Nimesema alhamdulillah, basi. Mapinga wanajua. Kaole wanajua. Miono hawajui. Kule gari bado ni lake, alilipiga teke wakiwa wanamtazama. Mnunuzi wako wa Goba alimtuma mtu kuniuliza kama nitauza. Nimemwambia anunue la tano.

Shoga yako,
Mwanvita

---

Mapinga
4 Novemba 2024

Kwa shemeji yangu mpenzi Mwanvita,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai u mzima, na Nasrin, na shangazi Swaumu mwangalizi wetu. Sisi ni wazima kwa uwezo wake Mola.

Shemeji, yaliyopita yamepita. Shetani yupo na wanadamu tupo. Mimi na wewe tulikuwa tunataniana tangu siku ulipoletwa nyumbani kwetu, ukinicheka upara, nikikucheka ufupi. Basi na hili tulitie humo humo, tulifanye utani wa shemeji, tucheke, liishe. Tafadhali nisamehe.

Ninalokuandikia ni hili. Harusi ya Shadya imepangwa Jumamosi tarehe 23, na bibi harusi anapelekwa Miono jioni ile ile. Wakwe waliliona gari. Waliambiwa atakwenda nalo. Nikienda na jingine wataniuliza, nami nitawajibu nini? Naomba ufunguo kwa siku moja tu. Nitaendesha mwenyewe, mguu kwenye breki kwanza, umeona, nimejifunza! Nitalirudisha limeoshwa na tangi limejaa.

Usiniaibishe mbele ya wakwe, shemeji. Wewe ni mtu mzima, unajua mzazi wa bibi harusi anavyotazamwa siku hiyo. Nifichie.

Shemeji yako,
Bwanausi

---

Kaole
16 Novemba 2024

Kwa Bwanausi,

Wa alaykum salaam.

Eda imeisha. Nimeogeshwa, nimevalishwa, dua imesomwa. Siku iliyofuata niliwasha gari nikapeleka kamba Mapinga. Nilipita mbele ya nyumba yako kwenda na kurudi. Mara ya pili ulikuwa kibarazani, ukainamia kiatu.

Ombi lako nimelisoma. Shadya ni binti wa nyumba yetu. Alikuja kukaa nami matangani na aliosha vyombo mpaka vidole vikajikunja, wala hakuchukua kitu chochote kwenye msumari. Atakwenda Miono na gari hilo. Lakini ufunguo sitoi. Nitaendesha mimi.

Panga hivi. Mbele pembeni yangu atakaa Nasrin. Nyuma atakaa Shadya, somo yake anayemfunda upande mmoja, shangazi Swaumu upande wa pili. Gari limejaa. Nimeshazungumza na Pazi, atakuja na kirikuu kubeba masufuria, majamvi na vitu vya bibi harusi. Mbele kwa Pazi watakaa wapishi wawili. Wewe utakaa nyuma ya kirikuu na masufuria, uyashike yasigongane. Barabara ya kuingia Miono ina mifereji, mwandishi alieleza. Mtatufuata. Usimwambie Pazi atupite, nimeshamkataza.

Kuhusu utani wa shemeji. Ulikuwepo, sikatai. Ulikuwepo kwa sababu Yunus alikuwa akikaa katikati yetu akicheka. Sasa kati yetu hakuna mtu. Kwa hiyo ninayokuandikia hapa usiyatafutie kicheko.

Msamaha umeomba. Nitakujibu Miono. Tukifika, wakwe zako watatoka na vigelegele. Watalizunguka gari kama ulivyowafundisha. Watamwona mwanamke kwenye usukani, na watakuona wewe unashuka nyuma ya kirikuu na masizi kwenye kanzu. Lazima watauliza gari ni la nani, na watakuuliza wewe, baba wa bibi harusi.

Mimi sitashuka wala sitasema neno. Nitakuwa nimeshusha kioo.

Mwanvita